Tusiutazame mchi wa barafu tukalisahau shimo

Mhariri,

Habari za barafu ya kale zinapotoka magazetini huja na namba moja kubwa, nayo ni umri. Kwanza ilikuwa barafu ya miaka 800,000 kutoka Dome C, Antaktika. Januari 2025 ikawa barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2 kutoka Little Dome C, mita 2,800 chini ya theluji. Picha inayoambatana na habari ni ile ile: mtu kavaa koti zito, kashika kipande cha barafu kinachong'aa. Namba ni za kweli na picha inapendeza, ila msomaji anabaki akidhani kazi yote ni kuchimba, kutoa, na kuhesabu matabaka kama pete za mti. Barua hii inalitetea shimo lililobaki nyuma ya picha hiyo. Shimo nalo ni chombo cha kupimia, na liliwahi kuwasahihisha wataalamu kosa la zaidi ya nyuzi kumi za joto ambalo barafu iliyotolewa ndani yake isingeweza kulifichua peke yake.

Kinachopandishwa juu ni kipande cha duara, kinyoofu, chenye unene wa milimita 98 kwa mashine nyingi za Ulaya na milimita 122 kwa ile ya Marekani iliyotumika WAIS Divide, Antaktika Magharibi. Urefu wake ni mita kadhaa, nne hivi kikitoka vizuri. Kwa umbo ni mchi wa kinu hasa, na humu nitauita hivyo.

Mashine inayoutoa haifanani na ya kuchimbia visima vya maji. Haina mabomba yanayoungwa moja baada ya jingine hadi chini. Inaning'inia kwenye kebo ya chuma yenye nyaya za umeme ndani yake, na kila kitu kinategemea kebo hiyo: umeme wa kwenda chini, taarifa za kurudi juu, na uzito wote. Chini kabisa kuna kichwa chenye visu, kwa kawaida vitatu, vinavyokata mfereji wa mviringo tu. Katikati barafu haiguswi. Inaingia polepole ndani ya bomba kadiri kichwa kinavyoshuka. Pampu huvuta chenga za barafu zilizokatwa na kuzihifadhi kwenye chumba chenye chujio juu ya bomba. Kisha kuna mota na gia, kisha vipimo, na juu kabisa mabapa ya chuma cha springi yanayobana ukuta wa shimo. Mabapa hayo yana kazi moja: kuizuia mashine isizunguke yenyewe badala ya kuzungusha visu. Yakiteleza, mashine yote inazunguka ndani ya shimo na kebo inajisokota.

Bomba likijaa, kisu hakitumiki tena. Winchi inavuta, meno madogo yaliyofichwa kwenye kichwa yanaung'ata mchi, mvutano unapanda, na barafu inakatika kwa kishindo ambacho msimamizi anakiona kwenye kipimo cha uzito wa kebo. Meno yakiwa butu au pembe yake ikiwa imekosewa, yanauparuza tu mchi na kuuacha chini, na safari nzima imepotea. Hiyo si hasara ndogo. Kwa shimo la mita 3,000, hata winchi ikienda mita moja kwa sekunde, kushuka ni dakika 50 na kupanda ni dakika 50, mbali na muda wa kukata na wa kusafisha mashine juu. Yote hayo ni kwa mita tatu au nne za barafu. Ndiyo maana shimo refu huchukua misimu mitatu, minne au zaidi, kila msimu ukiwa wiki chache za kiangazi cha ncha ya dunia.

Chenga ndizo adui mkubwa. Zisipokusanywa zote, zinaelea, zinatulia juu ya mashine na kushindiliwa kati yake na ukuta mpaka mashine haipandi wala haishuki. Mradi wa Ulaya pale Dome C ulinaswa hivyo kwenye kina cha mita 788 katika msimu wa 1998–99. Shimo likaachwa, na jingine likaanzwa kando yake. Hilo la pili ndilo lililofika zaidi ya mita 3,200 mwishoni mwa 2004. Wajapani pale Dome Fuji, Antaktika, walifika mita 2,503 mwaka 1996, mashine ikanasa, nao wakaanza upya hadi mita 3,035 mwaka 2007. NorthGRIP ya Greenland nayo ilipoteza mashine yake ya kwanza mwaka 1997. Dawa inayojaribiwa kwanza ni kumwaga glaikoli ili iyeyushe chenga zilizoganda kuizunguka mashine. Mara nyingine hufua dafu, mara nyingine hapana.

Sasa shimo lenyewe. Barafu tunaiona ngumu, lakini kwa uzito wake inatiririka kama uji mzito, polepole sana. Kwenye kina cha mita 3,000 uzito wa barafu iliyo juu unaleta shinikizo la megapaskali 27 hivi, yaani zaidi ya mara 260 ya shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari. Shimo tupu la kina hicho hufumba. Kadiri barafu inavyokuwa na joto zaidi ndivyo linavyofumba haraka, na sehemu ya chini ndiyo yenye joto zaidi, kwa sababu ardhi inaipasha kutoka chini. Kwa hiyo shimo hujazwa kimiminika chenye densiti inayokaribia ya barafu, ambayo ni kilo 917 kwa mita ya ujazo. Kikiwa chepesi mno, au usawa wake ukishuka, kuta zinakaribiana na mashine inashindwa kupita. Kikiwa kizito mno, shimo linatanuka na mabapa ya springi yanakosa pa kubana.

Kukipata kimiminika hicho ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kisigande kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, kisiyeyushe barafu, kisile mipira ya mashine, kisiwadhuru wafanyakazi wanaokivuta puani siku nzima, na kisiwe kizito kama asali, kwa sababu mashine inaposhuka lazima kipenye kwenye mwanya wa milimita chache kati yake na ukuta. Mafuta ya taa ni mepesi, hivyo kwa miaka mingi yalichanganywa na kemikali nzito za jamii ya gesi za majokofu. Kemikali hizo hula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake ukazifungia mlango. Bitili asetati iliyotumika GISP2 (shimo la Wamarekani huko Greenland) na Dome Fuji ina harufu kali inayoumiza kichwa. Pale NEEM, Greenland, ilitumika Estisol 240, zao la mafuta ya nazi, ikichanganywa na Coasol. Kila chaguo lina bei yake. Hiki cha nazi si hatari kwa mtu, lakini kwenye baridi kali kinakuwa kizito na safari za mashine zinarefuka.

Tena, kimiminika hakiwezi kumwagwa tu kutoka juu. Mita 60 hadi 120 za kwanza bado ni theluji iliyoshindiliwa, yenye vinjia vya hewa kila mahali, na ingekinywa chote. Kwa hiyo sehemu hiyo huwekewa kesingi, bomba la kukinga kuta, linaloshuka hadi kwenye barafu isiyopitisha kitu. Kumbuka kesingi hiyo, nitairudia mwishoni.

Chini kabisa tatizo linageuka. Barafu ikishapanda joto na kukaribia kiwango cha kuyeyuka, ambacho kwa shinikizo la mita 3,000 hivi ni karibu nyuzi 2.4 chini ya sifuri, joto la visu linatosha kuyeyusha chenga. Maji hayo yanaganda tena papo hapo juu ya visu. Kichwa kinageuka donge, kinazunguka bila kukata. Wachimbaji wa NorthGRIP na Dome C walishusha mchanganyiko wa ethanoli na maji hadi kwenye kitako cha shimo ili chenga zisigandane. Hapo safari moja inaweza kutoa nusu mita tu ya barafu, na mkuu wa zamu anatosheka nayo. Pale Byrd, Antaktika, mwaka 1968, kwenye mita 2,164, mashine ilikuta maji halisi kwenye mwamba, nayo yakapanda ndani ya shimo. NorthGRIP mwaka 2003 iliyakuta pia, kwenye mita 3,085.

Mchi ukishafika juu, haufanani na ule uliokuwa chini. Hili halisemwi vya kutosha. Kati ya mita 600 na 1,300 hivi, mipaka ikibadilika kutoka mahali hadi mahali, barafu ina viputo vya hewa vilivyobanwa kwa shinikizo kubwa. Chini, barafu inavibana sawasawa na vinavyosukuma. Juu mezani, hakuna tena kinachovibana. Mchi unaanza kulia: vishindo vidogo vya kukatika, nyufa nyembamba kama nywele zinatembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mara mtu anapougusa kwa msumeno unapasuka vipande vipande. Vipande hivyo vinanyonya kimiminika cha shimo kupitia nyufa, na hapo vipimo vya gesi na kemia vimeharibika. Pale WAIS Divide michi ya sehemu hii ilivalishwa wavu wa plastiki mara ilipotoka kwenye bomba ili vipande visitawanyike. Kisha huachwa kupumzika kwenye baridi, bila kukatwa, kwa miezi mingi, mara nyingi hadi msimu unaofuata. Mtu mwenye haraka hapa anapoteza maelfu ya miaka ya kumbukumbu.

Chini ya ukanda huo, viputo vinatoweka. Molekuli za hewa zinaingia kwenye vizimba vya molekuli za maji na kuwa fuwele za klathreti, na barafu inakuwa angavu kama kioo. Ile inayong'aa kwenye picha za magazeti ni hiyo. Lakini iweke ghalani miezi na miaka, na taratibu inafifia, kwa sababu hewa inatoka kwenye vizimba na kuunda viputo vipya. Ndiyo sababu daftari la kila kipande linapaswa kuandika siku kilipotolewa na joto kilipohifadhiwa, pamoja na kina chake. Ghala la taifa la Marekani huko Colorado huhifadhi kwa nyuzi 36 chini ya sifuri. Nyuzi 20 chini ya sifuri zinatosha kwa kemia nyingi, lakini kwa gesi ni bora kushuka zaidi.

Kuhusu umri, kosa linalorudiwa ni kudhani kipande kimoja cha barafu kina umri mmoja. Kina wawili. Hewa hupita kwenye theluji iliyoshindiliwa hadi densiti ifike karibu kilo 830 kwa mita ya ujazo, ndipo vinjia vinajifunga. Theluji yenyewe ilianguka zamani, lakini hewa iliyonaswa ni ya baadaye. Panapoanguka theluji nyingi kama WAIS Divide, tofauti ni kama miaka 200. Katikati ya Antaktika Mashariki, ambako theluji ya mwaka mzima ikiyeyushwa ni sentimita chache za maji, tofauti inafika miaka elfu kadhaa. Anayeandika kwamba kaboni dioksidi ilipanda kabla au baada ya joto, bila kusema alitumia umri upi na alirekebisha vipi, hajaandika kitu cha kutegemewa.

Tukiwa kwenye kaboni dioksidi: kumbukumbu yake inayoaminika hutoka Antaktika, si Greenland. Barafu ya Greenland ina vumbi lenye kaboneti na tindikali za kutosha kutengeneza kaboni dioksidi mpya ndani ya barafu yenyewe baada ya hewa kunaswa. Hata kwa barafu ya Antaktika, maabara nyingi haziiyeyushi. Huisaga ikiwa kavu ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha hukusanya gesi inayotoka. Kwa njia hiyo tunajua kwamba katika miaka 800,000 kabla ya zama za viwanda kiwango kilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 280 hivi kwa milioni, na hakikuvuka 300. Sasa kimepita 420.

Vipimo vingine nitavitaja kwa haraka, ingawa kila kimoja kingestahili barua yake. Elektrodi mbili zenye volti zaidi ya elfu zikiburutwa juu ya uso uliorandwa huonyesha tindikali, na tindikali huonyesha volkano: Laki ya 1783, Tambora ya 1815, Samalas ya 1257. Hizo ni nguzo za kuoanisha shimo moja na jingine. Kwa kemia, kijiti cha barafu husimamishwa juu ya sahani ya moto yenye duara mbili. Maji ya katikati huenda kwenye vipimo, ya nje hutupwa, kwa kuwa uso wa mchi umeshikwa na visu, mikono na kimiminika. Mpangilio huo wa kumwaga nje na kuweka ndani ndio unaotofautisha data na uchafu.

Sasa nifike kwenye kosa la nyuzi zaidi ya kumi.

Maji mengi duniani yana oksijeni 16, lakini molekuli moja hivi kati ya 500 ina oksijeni 18, nzito kidogo; aina hizi za atomi moja zenye uzito tofauti huitwa isotopu. Mvuke unaposafiri kuelekea nchani, molekuli nzito huanguka kwanza. Kadiri hewa ilivyo baridi, ndivyo theluji inayofika inavyokuwa maskini wa oksijeni 18. Willi Dansgaard wa Denmark ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuligeuza jambo hili kuwa kipimajoto, na mchi wa Camp Century, Greenland, uliofika mwambani mwaka 1966 kwenye mita 1,387 hivi, ukawa wa kwanza kusomwa hivyo hadi chini. Kanuni ilitoka kwenye theluji ya leo: pima sehemu nyingi za Greenland, linganisha joto la wastani na oksijeni, pata mteremko wa sehemu 0.67 kwa elfu kwa kila nyuzi moja. Kwa hesabu hiyo, tofauti kati ya zama za barafu na sasa katikati ya Greenland ilikuwa nyuzi kumi hivi.

Ndipo shimo likazungumza. Baada ya kuchimba GRIP, shimo la Ulaya katikati ya Greenland, kazi iliyofika mita 3,029 mwaka 1992, kipimajoto kilishushwa ndani ya kimiminika. Sababu ya kufanya hivyo ni nyepesi kueleza. Barafu hupitisha joto polepole mno kiasi kwamba baridi ya zama za barafu bado imo humo ndani, haijaisha kutoka. Ndiyo maana kwenye kina cha kati shimo ni baridi kuliko barafu iliyo juu yake, ingawa ungetarajia joto lipande tu unaposhuka. Hakuna isotopu hapa, hakuna kanuni ya kuazima kutoka theluji ya leo. Ni joto lenyewe, mabaki yake. Dorthe Dahl-Jensen na wenzake walichapisha hesabu mwaka 1998, wakitumia GRIP na Dye 3, shimo la kusini mwa Greenland, na jibu lilikuwa kwamba kilele cha zama za barafu kilikuwa baridi kuliko leo kwa nyuzi 23 hivi. Zaidi ya mara mbili ya ile iliyosomwa kwenye mchi. Watafiti wa Marekani kwenye shimo la GISP2, kilomita 28 kutoka hapo, walikuwa wamefikia jibu la upande huo huo.

Sababu inayotolewa ni kwamba zamani hizo theluji ya majira ya baridi ilikuwa haba, kwa hiyo mchi ulirekodi zaidi hali ya kiangazi. Mchi haukudanganya, uliulizwa swali kwa kanuni isiyo yake. Baadaye isotopu za naitrojeni na agoni kwenye viputo nazo zilionyesha kwamba mipando ya ghafla ya joto Greenland ilikuwa mikubwa kuliko kanuni ya zamani ilivyoruhusu.

Kipimo hicho kina masharti yake, na ndipo kazi nyingi huharibikia. Kuchimba huacha joto la visu na la kimiminika kipya kwenye kuta, na mtu akipima mara moja anapima uchimbaji wake mwenyewe. Inabidi kungoja, mwaka mmoja au zaidi, na kurudia kipimo kuona kama mstari umetulia. Usahihi unaotakiwa ni sehemu chache za elfu za nyuzi. Kipimajoto husomwa kikishuka, si kikipanda, kwa sababu kikipanda kinapita kwenye kimiminika kilichokwisha kukivuruga chenyewe. Nalo shimo ni kumbukumbu yenye ukungu: kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mambo yanavyochanganyikana. Vipindi vya baridi vya karibu miaka ya 1550 na 1850 vinaonekana wazi Greenland. Tukio la miaka hamsini lililotokea miaka 15,000 iliyopita halionekani kabisa. Kwa hilo tunarudi kwenye mchi. Mchi una makali ya macho, shimo lina rula ya kweli, na hakuna kinachotosha bila mwenziwe.

Shimo hilo hilo hutoa joto la ardhi. Karibu na mwamba, pima jinsi nyuzi zinavyopanda kwa kila mita. Zikipanda nyuzi moja kwa mita 40, zidisha kwa upitishaji joto wa barafu, wati 2.2 hivi kwa mita kwa nyuzi, upate miliwati 55 kwa kila mita ya mraba. Pale NorthGRIP jibu lilikuja kubwa kuliko ilivyokisiwa, na ndiyo maana chini yake barafu inayeyuka. Kuyeyuka huko kuliifuta barafu kongwe waliyoifuata, wakabaki na miaka 123,000. Lakini palepale kumewaachia matabaka ya chini yaliyonyooka, kwa sababu kitako kinachoyeyuka hakikunjiki. Pale GRIP na GISP2, ambako barafu imeganda kwenye mwamba, michi miwili ilikubaliana kwa undani wa ajabu hadi asilimia 10 ya mwisho, kisha ikaachana kabisa. Matabaka yalikuwa yamekunjwa. Bila shimo la pili, hakuna ambaye angejua. Kila mchi ukiwa peke yake ulionekana sahihi.

Kuna kipimo kingine cha shimo ambacho hakihitaji hata barafu: kuinama kwake. Shusha chombo cha kupima mwelekeo leo, rudi baada ya miaka, pima tena. Tofauti inaonyesha barafu inavyosukumwa kwenye kila kina. Dye 3 ilionyesha kwamba barafu ya zama za barafu inalegea na kutiririka takriban mara tatu zaidi ya ile ya juu yake chini ya msukumo ule ule. Na hapa mchi unarudi kueleza sababu. Chukua kipande chembamba kutoka kina kirefu, kigandishe kwenye kioo, kirande hadi milimita 0.3, kiweke kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana. Kipande cha karibu na juu kinaonekana kama kitenge, kila fuwele na rangi yake, kwa sababu kila moja imeelekea kwake. Kipande cha chini, karibu fuwele zote zinaingia giza pamoja unapokitazama kutoka juu. Mihimili yake yote imesimama wima, na fuwele ya barafu huteleza kirahisi kwenye bapa lililo sambamba na ardhi, kama karata zinavyoteleza. Fuwele za zama za barafu pia ni ndogo na zimejaa vumbi. Anayetabiri kasi ya barafu kuingia baharini bila kujua haya anatumia barafu ya kufikirika.

Nimeona pia hoja kwamba tukishapata data, michi inaweza kutupwa kupunguza gharama za majokofu. Napinga kabisa. Udongo wa mita tatu na zaidi uliotolewa chini ya barafu ya Camp Century mwaka 1966 ulikaa kwenye majokofu karibu umesahaulika, hadi ulipotambuliwa tena Denmark mwaka 2017. Ndani yake mlikuwa na vijiti na majani ya mimea, na uchunguzi uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba sehemu hiyo ilikuwa haina barafu kama miaka 416,000 iliyopita. Mwaka huo huo wa 2017, kule Edmonton, Kanada, jokofu la ghala liliharibika na mfumo wa tahadhari ukashindwa. Kama asilimia 13 ya mkusanyiko wa barafu ya Aktiki ya Kanada ikayeyuka na kuwa madimbwi. Ghala la barafu lisiwe na jokofu moja wala kengele moja, na vipande vya shimo moja vigawanywe majengo mawili.

Kwa waandishi wako, Mhariri, ombi ni dogo. Mnapoandika umri, semeni ni wa barafu au wa hewa, na ulipatikana kwa kuhesabu matabaka, kwa volkano, au kwa hesabu ya mtiririko. Pale WAIS Divide, kwa mfano, miaka 31,000 ilihesabiwa tabaka kwa tabaka na iliyobaki hadi 68,000 kwa njia nyingine, na hizo si namba za uzito mmoja. Kisha ulizeni shimo limeachwaje: limejazwa kimiminika hadi wapi, limepimwa joto lini, na nani atarudi.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua. Kila mwaka theluji mpya inaanguka juu ya mdomo wa shimo. Kesingi isipoongezwa urefu, inafunikwa. Kambi ikishaondolewa, kilichobaki ni mlingoti mmoja na namba za GPS. Fedha za mradi huisha mchi wa mwisho unapopakiwa kwenye ndege, wakati vipimo bora vya joto na vya kuinama vinahitaji shimo lililotulia miaka kadhaa. Kipande cha bomba cha mita mbili, kofia ya kukizuia kisiingie theluji, na mtu wa kwenda kukifunga kabla mlingoti haujazama: hivyo viandikwe kwenye bajeti ya uchimbaji tangu siku ya kwanza.